Mnandi Juu ya Kikombe

Ng'washi hajui kukaa. Nalisema mapema ili nisije nikalaumiwa huko mbele nikieleza kwamba aliinuka, akatoka, akarudi, akainuka tena. Hata kanisani hukaa mwisho wa benchi, mguu mmoja ukiwa umeshatangulia njiani. Mimi nashona nguo kwenye baraza la duka la Mzee Anil, karibu na soko kuu la Mwanza, tangu cherehani yangu ikiwa mpya, na muda wote huo Ng'washi alikuwa ndani ya duka hilo akigonga, akikwangua na kupuliza moto. Kelele zake nimezisikia kuliko za wanangu.

Mzee Anil ni sonara. Baba yake alikuwa sonara hapahapa, na babu yake pia. Ng'washi alitaka jambo moja kwa mzee huyu: amwite sonara, kwa kinywa chake, hata mara moja. Miaka zaidi ya thelathini amemwita binti. Ng'washi ana wajukuu, magoti yanamsumbua akipanda ngazi, na bado ni binti. Mtu atasema ni jambo dogo. Mimi nilikaa kwenye cherehani wiki ya kwanza tu wateja wakaanza kuniita fundi, wakati hata kutia zipu sijui. Neno fundi mjini hapa hugawiwa kama peremende. Sonara ni neno lingine, na mwenye kulitoa alikuwa mmoja.

Ng'washi alikuja mjini kutoka Magu, kwenye mashamba ya pamba, akaajiriwa dukani kufagia. Kwa sonara takataka hazitupwi. Hufagiwa taratibu, huchomwa, majivu yake huoshwa kwenye karai, na chini kabisa hubaki chembe za dhahabu zilizoruka kutoka kwenye tupa. Kazi hiyo ilikuwa inaisha saa nne asubuhi, na baada ya hapo Ng'washi hakujua afanye nini na mikono yake. Akawa anaokota vipande vya waya wa shaba, anavigonga kwa jiwe uani. Gongo, gongo, gongo. Mzee Anil alivumilia siku kadhaa, kisha akatoka na nyundo.

"Binti, kama lazima upige kelele," alimwambia, "njoo ndani upige kelele za faida."

Ndivyo alivyoanza. Akajifunza pete, hereni, mikufu, kuchovya dhahabu, kulehemu mkufu uliokatika mteja akiwa amesimama anasubiri. Wateja wengi hawakujua kwamba nusu ya pete za ndoa za mji huu zimetoka mikononi mwa mwanamke wa Kisukuma asiyekaa kitini. Akimaliza pete moja anaitupia jicho, anaisukuma pembeni, anatafuta nyingine, kana kwamba ile ya kwanza imemkosea.

Sasa kuna habari ya vikombe, na hii ilinichoma mimi kuliko ilivyomchoma yeye. Siku ya kwanza kabisa, mke wa Mzee Anil, Lilavati, ambaye sote tunamwita Mama Arjun, alimpa Ng'washi kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu. Kikawa chake, kikatundikwa kwenye msumari wake karibu na bomba la uani. Mzee Anil alikuwa na bilauri yake ya chuma kisichoshika kutu. Alipokunywa aliinua uso juu, akaishika bilauri mbali na mdomo, na maji yakashuka moja kwa moja kooni bila tone kupotea. Mdomo wake haukugusa chuma. Mimi chai yangu ililetwa barazani kwenye glasi nene ambayo sikuwahi kuiona kwenye kabati la ndani.

"Hiyo ni dharau," nilikuwa namwambia Ng'washi.

"Ni desturi yao, Rebeka. Kwao kitu kilichoguswa na mdomo wa mtu kimeshakuwa makombo."

"Makombo ya nani? Yako!"

"Usinichoshe."

Lakini kesho yake, akiwa anaosha kile kikombe chake cha bati, utamsikia anauliza kwa sauti ya chini, "Hivi wewe unadhani ni dharau kweli?" Leo desturi, kesho dharau. Hakumuuliza mwenyewe, na mzee hakueleza. Suala hilo lilikaa kati yao kwenye msumari wake miaka yote.

Kisha ikaja kadi. Mzee Anil alikwenda Ulaya kumtembelea ndugu yake, akapelekwa kwenye jumba la makumbusho, akarudi na kadi ya picha akaibandika ukutani juu ya meza ya kazi. Ilikuwa picha ya kikombe, lakini kikombe gani hicho! Kirefu kama chupa ya bia na nusu yake, cha fedha iliyopakwa dhahabu, kimesimama kwenye mguu mwembamba, tumbo lake limevimba kwa vitumba vilivyopangana kama petali, mfuniko una ngazi, na juu ya mfuniko kajisimamia kaaskari kadogo kenye mkuki. Mtu alitumia miezi kutengeneza chombo cha kunywea divai. Mimi nilipokiona nilicheka. Ng'washi hakucheka.

"Miaka mia nne, mia tano iliyopita," Mzee Anil alimweleza, "kulikuwa na mji Ujerumani unaitwa Nuremberg. Kijana akitaka kuitwa sonara, wakubwa wa kazi wanamwambia, tengeneza kikombe chenye umbo la ua, tengeneza pete yenye jiwe, chonga muhuri. Kikombe ndicho kilichowaliza wengi. Kikikataa, unarudi nyumbani."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia habari za safari, akaendelea kunywa chai yake. Ng'washi aliitazama ile kadi mpaka nikamwita mara mbili. Pete alishatengeneza zisizohesabika. Muhuri wa shule moja ya sekondari aliwahi kuuchonga. Nilijua hapohapo kwamba tumepata balaa.

Fedha ya kwanza aliipata kwenye bangili zilizokatika, zile ambazo wateja huziacha. Nyingine ilitoka Magu. Bibi yake alikuwa ameficha rupia za Mjerumani kwenye mtungi, na wajomba walipogawana vitu Ng'washi aliomba mtungi. Kwa hiyo kikombe cha Wajerumani kikaanza kutengenezwa kwa fedha ya Wajerumani. Alikifanyia kazi nyumbani kwake Pasiansi, nyuma ya nyumba, penye mawe makubwa yanayoshuka mpaka ziwani. Bapa la fedha unaligonga juu ya fuawe, linajikunja kidogo, linakuwa gumu, unalitia moto lilegee, unagonga tena. Ukichelewa kulitia moto linapasuka. Ukizidisha moto linalegea mno na kuanguka. Mume wake, Mashimba, aliyewahi kuendesha malori ya pamba na kuzoea injini, alishindwa kulala mchana.

"Watu wameoa wake," alinilalamikia siku moja, "mimi nimeoa nyundo."

Kikombe cha kwanza kilipasuka shingoni. Alikileta dukani hivyohivyo akitumaini mzee hataona. Mzee alipitisha ukucha kwenye ufa, akakitia kwenye chungu cha kuyeyushia, akawasha moto. Ng'washi alitoka, akazunguka soko zima, akarudi na nyanya ambazo hakuzihitaji.

Cha pili kilichukua muda mrefu zaidi, na hakikupasuka. Mzee alikiweka juu ya kioo cha meza, akainama usawa wa macho. Kilikuwa kimeegemea upande.

"Hiki kimelewa kabla hakijatiwa pombe," alisema. "Rudi, binti."

Nikacheka, jamani, siwezi kusema uongo. Ng'washi hakuongea nami mpaka Jumatatu. Alipoongea alisema kosa lake ni kwamba alikuwa anaiga. Yule aliyetengeneza kikombe cha kwenye kadi alijua lile ua, alilikuta bustanini kwao. "Mimi lile ua sijawahi kulishika. Mkono unagonga kitu usichokijua."

Basi kikombe cha tatu akakifanya cha kwao. Tumbo likawa vitumba vya pamba, vile vyenyewe kabisa kabla havijafunguka, vimebanana vyumba kwa vyumba jinsi alivyoviona shambani utotoni. Kitako kikawa mawe, moja juu ya jingine, kama yale ya nyuma ya nyumba yake. Na juu ya mfuniko, mahali pa kaaskari, akamweka mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani anayesimama juu ya jiwe na kutandaza mabawa yakauke. Ndani alikichovya dhahabu. Kitu kimoja tu alikiacha kama kilivyo kwenye kadi: ukingo wa mdomo, uliokunjwa kuingia ndani na kutoka nje, kama ua linalofunguka.

Hakikuwa kimekwisha tuliposikia habari. Macho ya Mzee Anil yalikuwa yamefifia, anamtambua mtu kwa sauti, na mwanaye Arjun alikuwa amewaambia wazazi wahamie kwake Dar. Duka linafungwa. Wataondoka Jumamosi.

Mimi nilikuwa na yangu ya kuwaza, maana mwenye nyumba mpya angeweza kuniondoa barazani na cherehani yangu. Lakini sikupata nafasi hata ya kujihurumia, kwa sababu ya Ng'washi. Alikuwa anakuja dukani asubuhi kusaidia kufunga mizigo, saa sita anakimbilia Pasiansi, jioni anarudi ana masizi kwenye paji la uso. Chakula alikula amesimama. Nikimsalimia ananijibu mambo ya mfuniko. Siku moja alifika, akaweka mkoba, akasema, "Nimesahau kuzima moto," akaondoka tena. Moto alikuwa ameuzima. Mashimba alinipigia simu kuniambia kwamba mke wake amerudi, ameutazama mkaa baridi, ameondoka.

"Akiondoka kabla hujamaliza je?" nilimuuliza.

"Usiseme hivyo."

"Nauliza tu. Si utamtumia kwa ndege?"

"Nitumie kikombe, halafu anipigie simu aseme nini? Lazima akishike. Lazima aseme nikiwepo." Akaanza kulia palepale barazani, analia huku anatembea, mteja wangu ameshikilia gauni lake hajui amtazame nani. "Rebeka, akiondoka nimebaki binti mpaka nazikwa."

Ijumaa alasiri alinijia amekifunga kwenye khanga. Akaniambia twende wote, peke yake hawezi. Tukapanda ngazi za nyuma mpaka juu, wanakokaa. Nyumba ilikuwa masanduku tu na alama za picha ukutani. Mzee Anil amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani minene usoni, Mama Arjun anafunga masufuria kwenye magazeti.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Na huyo ni Rebeka, nasikia viatu vyake."

Ng'washi alikifungua. Mama Arjun aliacha sufuria. Jua la dirishani lilimpiga yule mnandi na mabawa yake, na mimi ambaye nilishakiona mara kumi nikasogea kukitazama upya. Mama Arjun akasema kitu kwa Kigujarati, kisha akageukia Kiswahili. "Kitu kizuri hivi hakipokelewi kitupu. Ngoja." Akakichukua, akaondoa mfuniko kwa kuuvuta kidogo, akakijaza maji ya kunywa kutoka kwenye ndoo yenye bomba, akamrudishia Ng'washi ampe mzee kwa mkono wake.

Hapo ndipo ilipotokea.

Kwao Magu humpi mgeni wala mtu mzima kinywaji bila kukionja kwanza mbele yake. Unaonja ili aone hakina sumu, ndipo unampa kwa mikono miwili. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajajua kufunga khanga. Dukani alijizuia miaka yote, mzee alikunywa chake na yeye chake, hakukuwa na la kuonja. Siku ile, kwa wasiwasi wake wote, mkono ulikwenda wenyewe. Alikiinua kikombe, akaweka midomo kwenye ukingo, akanywa funda moja, akakinyoosha kwa mzee kwa mikono miwili na goti limekunjwa.

Mama Arjun alishika mdomo. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mzee haoni vizuri, lakini funda lilisikika, chumba kilikuwa kitupu.

Ng'washi akagundua alichofanya. "Nisamehe mzee. Nisamehe. Nakisuuza, nakisuuza sasa hivi." Akageuka kukimbilia bomba, maji yanamwagika kwenye khanga.

"Lete," alisema Mzee Anil.

"Nimekinywea, mzee."

"Nimesikia. Lete."

Akakipokea. Alianza na vidole. Alipitisha kidole gumba juu ya mawe ya kitako, akapanda mguu, akafika kwenye vitumba, akavihesabu kwa kunong'ona. "Hiki sicho cha kwenye kadi."

"Ni pamba, mzee."

Akagonga kwa ukucha pembeni ya sikio, akasikiliza. Kisha akainua kichwa, akakishika kikombe mbali na mdomo, akamimina kama alivyomimina siku zote.

Ule ukingo uliokunjwa kama ua ukayagawa maji. Mkondo mmoja ulikwenda puani, mwingine juu ya miwani, mwingine kwenye kola ya shati. Kooni halikufika hata tone. Mzee alikohoa, akapiga chafya, akabaki anachuruzika. Mama Arjun alicheka mpaka akakalia masufuria yake. Ng'washi alikuwa karibu kuzimia.

"Umekusudia, binti? Ulitaka nilowe?"

"Hapana! Niliufuata mdomo wa kwenye picha, mzee. Haki ya Mungu."

Mzee alivua miwani, akaiweka mapajani. Akauzungusha ukingo kwa kidole polepole, ndani, nje, ndani, nje. "Basi hawa watu walikuwa wanaweka mdomo," alisema. "Hakuna namna nyingine."

Akakiinua. Akaweka midomo yake kwenye ukingo uleule alikokunywa Ng'washi, maana ndiko kidole chake kilikosimama, akanywa. Akanywa yote, taratibu, kikombe kikapanda juu mpaka tukaona chini ya mawe ya kitako.

Mama Arjun alikuwa hacheki tena. "Miaka hamsini mimi ni mke wake," alimwambia Ng'washi, "na hajawahi kunywea chombo nilichokinywea mimi. Hata siku ya harusi. Mama yake alimlea hivyo, hata baba yake alikuwa na bilauri yake."

Kumbe. Miaka yote nilipiga kelele ya dharau barazani, na mke wa ndani alikuwa na msumari wake kama sisi. Nilitaka kumkonyeza Ng'washi tumalize ubishi wetu, lakini hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama kinywa cha mzee, anasubiri.

Mzee alijifuta kidevu. Alipapasa mpaka akaupata mfuniko, akaurudisha juu ya kikombe, ukakataa kidogo. Akauondoa, akaurudisha tena. Ukakwaruza. Akakunja uso uleule wa miaka yote, uso wa mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Huu mfuniko unakwama," alisema kwa hasira. "Upande wa bawa la kushoto. Sonara gani anatoa kazi inayokwama? Haya, sonara, rekebisha kabla sijaondoka."

Ng'washi alikuwa ameshafungua mkoba. Anatembea na tupa ndogo kama wanawake wengine wanavyotembea na kitana. Alichuchumaa sakafuni kati ya masanduku, mfuniko juu ya goti, akaanza, kri, kri, kri, kichwa kimeinama, vumbi la fedha linaanguka kwenye khanga ambayo baadaye angeikung'uta ndani ya karai. Nilimtazama nikajua hajasikia. Alisikia neno kukwama tu, basi akili yote ikaenda huko. Nilifungua kinywa nimwambie, Mama Arjun akanishika mkono.

Tupa ikapiga mara mbili, tatu. Kisha ikasimama.

Hakuinua uso. Alikaa vilevile, mfuniko gotini, vidole vimeshika mabawa ya mnandi, wala mguu haukucheza wala bega. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona ametulia hivyo. Machozi yalidondoka juu ya fedha, akayafuta kwa pindo la khanga ili yasiache alama.

Halafu akaendelea kupiga tupa, maana mfuniko kweli ulikuwa unakwama.